Mpiga Solo wa Kanda ya Upepo

Ukimuuliza mtu wa Ujiji aliyekuwa kijana miaka ile ya wakimbizi habari za Kanda ya Upepo, atakuambia ilikuwa na nyimbo tamu sana, ila kaseti ya kwake ilikuwa mbovu. Kila mmoja atakuambia hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyewauzia. Nilikuwa na kibanda cha kanda karibu na soko, na naweza kuapa kwamba hazikuwa mbovu. Ndivyo zilivyorekodiwa. Chini kulikuwa na wimbo, mtamu wa kumfanya mtu aache kupepeta mchele asikilize, na juu ya huo wimbo kulikuwa na gitaa linalokoroma, linalopiga miluzi, linalovuma mpaka spika inatetemeka. Aliyefanya hivyo alikuwa jirani yangu. Nimemfahamu miaka mingi, na mpaka leo sijui nimfikirie vizuri au vibaya.

Jina lake silitaji, na hata pale mtaani halikutajwa. Tulimwita Mpiga Solo. Katika bendi kuna anayepiga ridhimu, kuna wa besi, na kuna wa solo, yule ambaye gitaa lake ndilo linaloimba. Yeye alibaki Mpiga Solo hata bendi zilipomfia mikononi moja baada ya nyingine, akawa anapiga peke yake barazani, solo ya kumsindikiza nani hatujui.

Kuna mambo mawili juu yake yalinikaa kooni zaidi ya miaka ishirini. La kwanza, kwa nini mtu aliyengoja maisha yake yote kupata nyimbo aliziharibu kwa mkono wake mwenyewe siku alipozipata. La pili ndilo lililoninyima usingizi: kama ni mimi niliyesababisha yule mwimbaji wake achukuliwe.

Nianze na masikio yake, maana huko ndiko mkanganyiko wangu unakoanzia. Mpiga Solo alikuwa hapendi kelele. Simaanishi hakupenda kama wewe na mimi tusivyopenda. Bawaba za mlango wake alizipaka mawese kila wiki ili zisilie. Watoto wakiburuta kigoda sakafuni, aliinuka akakibeba yeye mwenyewe, akakiweka chini taratibu kana kwamba kimelala. Jirani akiangusha sufuria, alitoka nje kuuliza nani amekufa. Ilipowashwa mashine ya kusaga ya mtaa wa pili alishika njia ya ziwani, akarudi ilipozimwa, hata kama chakula kiko mezani. Mtu huyu ndiye aliyetuletea kelele ambazo hazijapata kusikika Kigoma nzima.

Mikono yake ilikuwa ya subira. Nyuzi za gitaa enzi hizo zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo alifumua waya wa breki ya baiskeli akauchambua uzi mmoja mmoja, akaupima kwa kucha, akaukaza. Baiskeli za mtaani kwetu zilikuwa hazina breki na wenyewe walijua zimekwenda wapi. Fundi cherehani mmoja alimfuata kumlalamikia kwamba amekosakosa kuingia na baiskeli kwenye meza ya mama muuza dagaa.

"Kwani ulikuwa unakwenda wapi kwa haraka hivyo?" Mpiga Solo alimuuliza, bila hata kuinua macho kwenye gitaa.

Alikuwa mtu wa msikiti. Kuanzia Alhamisi jioni gitaa lake lililala kwenye kibanda changu, nyuma ya pazia, na Jumamosi asubuhi alikuja kulichukua. Nilimuuliza kwa nini aliweke kwangu. "Wewe tayari unauza kanda," alisema. "Sifa yako imeshaharibika, haitaongezeka kuharibika." Nilicheka na yeye akacheka. Nilimpenda sana siku hizo, niseme ukweli. Nilimwamkia "Shikamoo, Mzee," naye aliivuta ile "Marahabaaa" yake ndefu, mpaka wateja waligeuka kuangalia ni nani anayeheshimiwa kiasi hicho.

Na alikuwa na neno lake moja: "Acha ipite." Mpiga besi akikosea, acha ipite. Mvua ikimnyeshea njiani, acha ipite. Mkewe alipoondoka kurudi kwao, nasikia hilo hilo ndilo alilosema, ingawa alikaa wiki mbili bila kugusa uzi. Nyumba aliyopanga ikiuzwa, harusi ikiahirishwa, acha ipite. Jambo moja tu hakuliachia lipite, na lilikuwa jambo la kushangaza kwa mtu mpole kama yeye: hakuwa na wimbo wake. Miaka thelathini alipiga nyimbo za watu kwenye harusi za watu. Ukimwomba apige wa kwake, uso ulibadilika. "Wangu bado haujaja," alisema, na alisema kama mtu aliyekaa bandarini na mzigo wake akisubiri meli.

Basi mwaka ule ufukwe wa Bangwe ulipojaa watu waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa, na magodoro yao, na kuku wao waliofungwa miguu, ndipo meli yake ilipofika. Malori yalikuja kuwabeba watu kwenda kambini, huko juu, njia ya Kasulu. Msichana mmoja hakupanda. Alikuwa na homa kali, hajitambui, na bibi mmoja wa Bangwe, muuza maandazi, alimwingiza ndani mwake ili apone kwanza. Alipopona malori yalikuwa hayapo tena. Katika zile purukushani za kuvuka ziwa aliwapotea watu wake. Yeye alipanda boti moja, wao walibaki wanagombania nyingine, na hakujua kama walivuka au walirudi au walizama. Akabaki kwa bibi, anakanda unga na kuchoma maandazi, na huku anachoma anaimba.

Mpiga Solo alikuwa anapita kutoka ziwani, alikokuwa ameikimbia mashine ya kusaga. Alisimama. Bibi wa maandazi alinihadithia kwamba alisimama mpaka maandazi ya sufuria nzima yakaisha kuchomwa, kisha akaenda nyumbani mbio, akarudi na gitaa, akakaa juu ya debe la mawese akaanza kumfuata binti yule sauti kwa sauti. Msimu huo mmoja wa mvua zilikuja nyimbo sita. Nilizisikia zikitungwa. Zilikuwa laini, za kumbembeleza mtu, na gitaa lilikuwa safi kama maji ya kunywa. Msichana alimwita Papa. Yeye alimwita Mwimbaji, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Mwimbaji alikuja kibandani kwangu mara moja tu. Alisimama nje, mikono ina unga, akasoma majina ya kanda kwa macho.

"Dada," aliniuliza, "kanda ya kwako inafikaka na ng'ambo?"

"Inafika. Wauza vitenge wanavusha kila boti."

"Mupaka Baraka?"

"Mpaka mjini Baraka, na kupita."

Akatabasamu, akaniambia asante, akaondoka bila kununua kitu. Nikamwambia jirani yangu wa karanga kwamba yule mtoto anataka sifa. Ndivyo nilivyodhani, nami nilijiona mjuzi wa watu.

Mashine ya kurekodia ilikuwa yangu, kwa hiyo nilikuwepo. Ilikuwa redio kubwa ya kaseti mbili, ina spika mbili na matundu mawili ya maikrofoni. Tulirekodi Bangwe, chumba cha nyuma cha mpiga besi, ambaye mchana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Maikrofoni moja tuliielekeza mdomoni kwa Mwimbaji, nyingine mbele ya spika ya gitaa. Tulipokuwa tayari, Mpiga Solo aligusa uzi mmoja na chumba kizima kikaruka. Alikuwa ameipasua ile karatasi ya ndani ya spika kwa wembe, mara tatu, kama mtu anayechanja samaki. Lile gitaa la maji ya kunywa likawa linakoroma.

"Mzee, spika inakufa," mwalimu alisema.

"Acha ipite."

Na haikuwa kukoroma tu. Wanamuziki wa ng'ambo wana desturi, katikati ya wimbo, ya kuita majina. Wanaita matajiri waliowatunza, mabosi, wenye maduka, ili wajulikane na watoe tena. Mwimbaji naye alifanya hivyo. Kila wimbo ulipofika katikati aliacha kuimba akaanza kuita majina, kwa sauti ya juu, taratibu, yanasikika vizuri. Na kila alipoanza kuita, Mpiga Solo alipiga hatua, akaliingiza gitaa karibu kabisa na spika mpaka vikaanza kuliliana, mluzi ukapanda, mvumo ukapanda, ukafunika kila kitu. Majina yakiisha alirudi nyuma, kelele ikashuka, wimbo ukaendelea. Nyimbo sita, mara sita. Mimi nilikuwa nimeziba masikio. Mwimbaji alikuwa ameyafumba macho.

Baadaye nilimsikia akimuuliza, "Papa, batanisikia kweli?"

"Hizi redio zetu ni za kimaskini," alimjibu. "Kwenye redio nzuri utasikika."

Nilipoanza kuiuza, watu waliirudisha. Kwanza mmoja mmoja, kisha makundi. Walisema hedi ya redio yao, kile kichuma kinachosoma kanda, imekula kanda. Walinunua spiriti na pamba wakasugua hedi za redio zao mpaka muuza dawa wa pale sokoni akaniuliza kama kuna kampeni ya sindano ambayo yeye hajaambiwa. Baba mmoja alifungua redio nzima akashindwa kuifunga. Kisha, sijui ni siku gani hasa, wakaacha kuirudisha. Wimbo ule wa chini ulikuwa umeshawaingia. Ukisha kuujua, ile kelele ikipanda moyo unapanda nayo, unasubiri uone kama wimbo utatoka hai upande wa pili. Mimi niliyeziba masikio ndiye niliyekuja kuipiga kibandani kutwa nzima. Watu wakaipa jina, Kanda ya Upepo, na ile sehemu ya majina wakaiita "pale upepo unapopanda".

Baada ya hapo wembe uliadimika. Kila kijana mwenye gitaa alipasua spika. Bendi za mtaa wa Mwanga zilipasua, vikundi vya harusi vilipasua, wakimbizi huko kambini wakapasua, na kwaya moja ya huko Kasulu, nimeisikia kwa masikio yangu, ilipandisha upepo katikati ya Haleluya na mchungaji akabaki amesimama. Wote wanapandisha pale pale, katikati ya wimbo, bila kujua kwa nini pale. Nami sikujua. Nikawa namuuliza mwenyewe.

Majibu yake ndiyo yaliyonichanganya. Mara ya kwanza aliniambia spika ilikuwa imepasuka yenyewe, nami nilikuwa nimeshaziona zile chale tatu za wembe, zimenyooka. Mara ya pili alisema wimbo mtamu sana unachosha, lazima ukwaruzwe kidogo. Mara nyingine alisema anaogopa wenzake wasimwibie, kwa hiyo ameufunika. Siku moja nilipomkuta anapaka bawaba zake mawese, alinitazama muda mrefu akaniambia, "We mtoto, hivi kelele ni nini? Ni kitu ambacho hutaki kukisikia tu." Nikaondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Kisha mashine yangu iliugua. Spika ya kulia ilizima ghafla, ikabaki ya kushoto peke yake, na kanda iliyokuwa inapiga ni ile. Upepo ukakatika. Akabaki Mwimbaji, peke yake kabisa, gitaa linasikika kwa mbali kama liko nyumba ya tatu. Maana zile maikrofoni mbili, ya Mwimbaji iliingia upande wa kushoto na ya gitaa upande wa kulia, na redio za watu wengi zina spika moja inayochanganya zote. Nilisimama pale na ufagio mkononi nikalia. Sikuwahi kujua kwamba sauti ile ni nzuri hivyo. Na pale upepo unapopanda, majina yakatoka safi: Asukulu, mutoto wa mama, uko wapi. Mama wa pale Baraka, karibu na kisima. Nikasema, kumbe hata hawa matajiri wake nao wanapendwa.

Nilinakili kanda kwa ule upande wa kushoto peke yake, nikaziandika "Safi". Nilifikiri nimemfanyia Mpiga Solo wema. Vijana walisema ni feki, hawakuitaka. Akina mama ndio walionunua.

Wiki hiyo hiyo alikuja mwanaume mmoja, mwembamba, kandambili za matairi, ana karatasi imekunjwa mkononi. Nilikuwa naipiga ile safi. Alisimama. Ilipofika kwenye majina aliweka mkono juu ya meza yangu.

"Rudisha nyuma," alisema.

Nikarudisha. Akasikiliza. "Rudisha nyuma." Nikarudisha tena. Mara ya tatu aliomba tena, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Kisha akauliza ni nani anayeimba, anaishi wapi, na kama leo yupo. Nami, kwa kiherehere changu, nikamwelekeza mpaka mlangoni: Bangwe, kwa bibi wa maandazi, ukimkosa hapo yuko kwa Mpiga Solo.

Alipoondoka ndipo nilipoingiwa na hofu. Miaka ile wakimbizi hawakuruhusiwa kuwa nje ya kambi bila kibali, na walikuwepo watu wa kuzunguka mjini wamevaa kiraia, wanauliza uliza. Nani mwingine anauliza hivyo na hajitaji jina? Kesho yake habari ikafika sokoni kwamba Mwimbaji hayupo. Wamekuja wanaume wawili wamemchukua. Bibi wa maandazi alikuwa amekwenda kuzika huko Kasulu, na alipougua huko huko hakurudi Bangwe tena, kwa hiyo hakuwepo wa kumuuliza.

Mpiga Solo alikuja siku ya tatu. Nilikuwa nimepanga maneno. "Shikamoo, Mzee," nilisema. Alipita nyuma ya pazia, akachukua gitaa lake, akatoka. Hakuitika. Nyumbani kwetu mtu anaweza kukunyima maji, lakini kukunyima marahaba, mbele ya wateja, ni jambo jingine. Nilimwamkia tena kila tulipokutana kwa miezi mitatu, na kila mara aliangalia pembeni. Kisha akahama. Nilibaki na hakika moja: nimemponza mtoto wa watu, na yeye anajua.

Kanda zikafa, kibanda kikafa, nikaingia kwenye biashara ya mawese. Watoto wangu wameolewa na kuoa. Hivi karibuni watu wa redio moja ya mjini wakanifuata, wanataka Kanda ya Upepo waipige, wamesikia mimi peke yangu ndiye niliyeihifadhi. Ninazo zote mbili, ya upepo na safi. Wao wanataka ya upepo. Sikuweza kuitoa. Nikaulizia mpaka nikaambiwa kwamba yule mzee yuko Kidahwe, kwa mtoto wa dada yake, barabara ya Kasulu. Nikazifunga kanda zote mbili kwenye kitenge, nikachukua na ile redio yangu ndogo ya kaseti, ya mfukoni, yenye hedifoni, nikaenda.

Nilimkuta uani, mchana, anamenya mihogo. Amekuwa mdogo. Mlango nyuma yake ulikuwa unalia kwa upepo, bawaba zimeshika kutu, na hakuwa na habari nao.

"Shikamoo, Mzee."

Aligeuza kichwa akanipa sikio la kushoto. "Nani?"

"Mimi. Wa kanda. Ujiji."

Aliweka kisu chini. Akafuta mikono kidole kimoja kimoja, mpaka nikaanza kujuta kuja. Kisha akasema, "Marahabaaa," ile ile, ndefu, na machozi yakanitoka kama mtoto mdogo. Akanionyesha nikae upande wake wa kushoto. "Huku kumekufa," alisema, akigusa sikio la kulia. "Nililisimamisha kwenye spika miaka mingi mno."

Sikuzunguka. "Mzee, ni mimi niliyemponza yule mtoto. Yule askari nilimwelekeza mimi."

"Askari gani?"

"Yule mwembamba. Aliyekuja kumchukua."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Yule hakuwa askari. Yule alikuwa Asukulu."

Jina hilo nimelisikia mara elfu. Nimeliuza. "Asukulu si tajiri aliyekuwa anamtunza?"

"Tajiri!" Alicheka kidogo, bila furaha. "Kaka yake. Tumbo moja. Alikuwa ametoka kambini na mwenzake, wana karatasi ya hospitali, akapita pale kwako. Majina yote yale ni ya watu wao. Mama, mashangazi, kisima chao, njia yao. Ndiyo maana alitaka kanda. Aliniambia siku ya kwanza kabisa, Papa, tia sauti yangu kwenye kanda, wauza vitenge waivushe, bajue niko muzima."

Mihogo ilikuwa imelala kati yetu kwenye sinia. Nikasema, polepole, kwa sababu nilikuwa naelewa huku nasema, "Na wewe ukapandisha upepo pale pale."

"Pale pale."

"Kwa makusudi."

"Kwa wembe," alisema. "Nilikuwa mtu mzima na sikuwa na hata wimbo mmoja. Akaja yeye, zikaja sita. Nilijua siku watakayomsikia wataondoka naye, na nyimbo zitaondoka naye. Na ziliondoka. Tangu siku ile sijapata hata nusu." Akachukua muhogo, akaurudisha. "Lakini kelele ile niliipenda pia. Usije ukawaambia watu sikuipenda."

"Wao walikuwa wapi muda wote huo? Ng'ambo?"

Hapo alichukua tena kisu. "Kambini. Huku huku, njia hii hii, walivuka siku mbili baada yake. Na mama yake alikuwa nayo ile kanda. Ya upepo. Asukulu aliniambia. Mwaka mzima anaisikiliza, anawaambia wenzake huyu mtoto anaimba vizuri, ila gitaa limemkwaruza sauti, haieleweki anasema nini. Na wakati huo alikuwa ameshamkalia matanga binti yake."

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikasimama, nikafunga kitenge changu, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa kwa mtu wa umri wake. Nilimwambia kwamba mimi nimebeba dhambi ambayo si yangu tangu watoto wangu wako mgongoni, na yeye alijua, na alininyima hata marahaba. "Ningekuitikiaje?" alisema. "Ulifanya kwa bahati mbaya jambo nililopaswa kulifanya kwa makusudi." Na katikati ya hasira hiyo hiyo nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe, furaha ya kutaka kupiga vigelegele uani pale, kwamba yule mtoto alikwenda kwa mama yake na ni mimi niliyempeleka. Na chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine ambacho sijui nikiite nini, kwa sababu kanda ile bado naipenda, na ninayoipenda ni ya upepo.

"Alijua?" nilimuuliza. "Yeye mwenyewe, alijua ulichofanya?"

"Sijui. Siku ile alivaa viatu hata hajavifunga. Alipofika mlangoni akageuka, akaniambia, 'Papa, kumbe kweli kwenye redio nzuri ninasikikaka.' Akanishika mkono akaondoka. Nimelifikiria neno hilo mpaka leo. Sijui kama alikuwa ananishukuru au alikuwa ananiambia."

Nikakaa tena. Nilimwambia habari za watu wa redio, nikamuuliza niwape kanda ipi. Alisema hana haki ya kujibu, nimuulize mama wa yule mtoto, na sote wawili tulijua walisharudi kwao zamani na hakuna anayejua waliko.

Basi nikatoa ile ya upepo, nikaiweka kwenye redio ya mfukoni, nikamvalisha hedifoni. Sikufikiria lolote. Nilitaka tu asikie kazi yake. Nikabonyeza, nikamwona anasikiliza, na ndipo nilipokumbuka kwamba sikio lake la kulia limekufa, na huko kulia ndiko kelele zote ziliko. Mimi sikuwa nasikia kitu, ila mlango wake unaolia. Lakini wimbo ule naujua kwa moyo, nikawa nauhesabu, na ulipofika pale upepo unapopanda nilimtazama mdomo. Midomo yake ilikuwa inatamka majina.

Wimbo ukaisha. Alikaa, mikono imekuwa myeupe kwa mihogo.

"Rudisha nyuma," alisema.

Nikabonyeza. Betri zilikuwa zimechoka, haikurudi. Nikaitoa kanda, nikachomeka biro kwenye tundu lake, nikaanza kuizungusha kwa mkono, naye amekaa ananisubiri, hedifoni ziko bado masikioni.